Kazi ya Kuchuchumaa: Ushauri kwa Mdakaji Anayeanza Besiboli ya Kulipwa

Nimechuchumaa nyuma ya besi ya nyumbani, pale mpigaji anaposimama, nikidaka mipira ya mrushaji kwa miaka tisa ya kulipwa, sita nikiwa mchezaji wa ligi ndogo za Marekani, na mitatu nikiwa mdakaji wa mazoezi, yule ambaye jina lake halimo katika orodha ya kikosi lakini ndiye anayewapasha misuli warushaji kabla hawajaingia uwanjani. Sikucheza Ligi Kuu hata siku moja. Nalisema hilo mapema ili mdogo wangu unayesoma ujue unapokea ushauri wa mtu wa namna gani: si wa bingwa, bali wa fundi wa kawaida aliyekaa jirani na mafundi wakubwa akawatazama mikono.

Wanaonitafuta kwa maswali ni vijana wa familia za Kikongo, Kitanzania na Kikenya waliokulia Texas, Ohio na Minnesota, na siku hizi wamo pia wa Kampala na Dar es Salaam, hasa tangu Dennis Kasumba wa Uganda, mdakaji aliyejulikana kwa video za mazoezi aliyokuwa akiyafanya kwa vifaa vya kuokoteza, alipovaa jezi ya timu ya Frederick Keys huko Maryland mwaka 2023. Karibu wote huanza kwa kuuliza habari za mkono na gongo (lile la mbao, si lile la uchochoroni). Wanataka kujua mpira wao uwe na kasi gani kwenda besi ya pili, na wapige mara ngapi ili waonekane. Jibu langu huwavunja moyo kidogo. Mkono na gongo vitakufikisha mlangoni, lakini utakaa ndani ikiwa tu mrushaji yuko tayari kukutupia mpira wake mgumu kuliko yote, wakati mbaya kuliko wote, bila kukufikiria wewe hata kidogo.

Nilijifunza hivyo kwa aibu. Ilikuwa Machi, kambi yangu ya kwanza huko Florida, saa mbili asubuhi, nyasi zikiwa bado na umande, nami nikampasha misuli kijana wa Kidominika anayerusha kwa mkono wa kushoto. Slaida yake ilikuwa inakuja kama mpira wa kasi wa kawaida, kisha hatua chache kabla ya kunifikia inazama na kuchepuka, inagonga udongo mbele ya besi na kuruka upande usioutarajia. Mpira wa namna hiyo haudakwi. Unazuiwa kwa mwili: magoti yote mawili chini, glavu kati ya mapaja ikigusa ardhi, kidevu kimebanwa kifuani, mabega yamekunjwa kuelekea mbele ili mpira ukigonga kifua ufie hapo hapo mbele yako. Nilishuka vizuri, lakini sekunde ya mwisho niligeuza uso. Mpira ukanigonga shingoni ubavuni, ukaviringika hadi kwenye uzio. Kijana hakusema neno, akaomba mpira mwingine.

Siku mbili baadaye tulikuwa katika mechi ya mazoezi, mpinzani ana mkimbiaji besi ya tatu, mpigaji ameshahesabiwa straiki mbili (mipira mizuri aliyoikosa au kuiacha; ya tatu inamtoa). Nikaomba slaida. Akatikisa kichwa. Nikaomba tena, akatikisa tena. Mwishowe akarusha mpira wa kasi katikati, nao ukapigwa ukavuka ukuta. Tuliporudi benchi, kocha wa warushaji hakumgeukia yeye, aliniuliza mimi: kwa nini alikukatalia? Nilianza kujitetea kwamba mimi niliomba mpira sahihi, na kweli niliomba mpira sahihi. Lakini mrushaji alikuwa ameshaniona nikigeuza uso, akajua kwamba slaida ikigonga udongo na kunipita, yule wa besi ya tatu anaingia nyumbani na kupata pointi. Kwa hiyo aliuinua mpira wake hadi pale gongo linapofika. Hofu yangu mimi iliandikwa katika takwimu zake yeye, na ndivyo inavyokuwa kila siku katika mchezo huu, kwa sababu mipira mingi inayowaondoa wapigaji wa leo ni ile inayoanza kama straiki na kuishia mavumbini.

Basi mgeni wa kazi hii na aanzie hapo, kabla ya kitu kingine chochote. Mwombe mwenzako akurushie mipira ya tenisi kutoka hatua kumi, mikono yako ikiwa nyuma ya mgongo, uipokee kwa kifua na koo huku macho yako wazi. Macho kufumba ni maumbile, na hutayashinda kwa kuambiwa. Utayashinda kwa mipira elfu kadhaa isiyoumiza, ndipo uhamie kwenye ile inayoumiza. Mkono wa kulia, kama hakuna mkimbiaji, ufiche nyuma ya kisigino. Kama yupo, uweke nyuma ya glavu, ngumi imefungwa na kidole gumba kikiwa ndani ya vile vingine. Mimi kidole changu gumba hakinyooki hadi leo kwa sababu ya mpira mmoja uliochongwa na gongo siku niliyochoka kukificha.

Kuhusu kurusha kwenda besi ya pili, kumzuia mkimbiaji anayeikimbilia kabla mpira haujapigwa (ndio wizi wa besi), nitakuwa mfupi, maana ndilo somo ambalo kila mtu anakufundisha. Kutoka besi ya nyumbani hadi ya pili ni mita 38.8 hivi, na saa inaanza kuhesabu mpira unapogusa glavu yako hadi unapogusa glavu ya mwenzako. Sekunde 2.0 ni kazi ya kawaida ya mtu wa Ligi Kuu, na chini ya 1.9 ni ya wachache. Wageni hutafuta sehemu ya kumi hiyo katika nguvu za bega, na bega ndilo linaloharibika. Itafute miguuni na katika namna mpira unavyotoka glavuni kwenda mkononi. Tena ujue kwamba tangu mwaka 2023 besi zimekuzwa kutoka sentimita 38 hadi 46 kila upande, na mrushaji anaruhusiwa kujaribu kumnasa mkimbiaji au kutoka kwenye kibao anachokikanyaga akirusha mara mbili tu bila adhabu kwa kila mpigaji, kwa hiyo wizi wa besi umeongezeka na sehemu kubwa yake huanzia kwa mrushaji anayechelewa kuachia mpira. Hilo ulijue, wala usiliseme hadharani. Ukiulizwa na mwandishi wa habari au na kocha mbele za watu, sema besi imeibiwa kwa kosa lako. Mrushaji wako atasikia ulivyojibu.

Wasomaji wapenda hesabu wataniuliza ushahidi kwamba klabu zinathamini mambo haya. Yadier Molina wa St. Louis Cardinals, mzaliwa wa Bayamón, Puerto Rico, alipiga wastani wa 0.216 mwaka 2006, yaani alifanikiwa mara mbili hivi kati ya kumi, kiwango ambacho mchezaji wa nafasi nyingine angerudishwa nacho ligi ndogo. Yeye alikuwa nyuma ya besi klabu yake ilipotwaa ubingwa mwaka huo huo. Gongo lake lilikuja kukomaa baadaye. Alidumu hapo kuanzia 2004 hadi 2022, na yeye na mrushaji Adam Wainwright walianza pamoja michezo 328, rekodi ambayo hakuna jozi nyingine imeifikia. Wapo wa njia ya pili, sikatai. Mike Piazza aliteuliwa katika uchaguzi wa kila mwaka wa wachezaji wapya, mwaka 1988, akiwa nambari 1,390, akageuzwa kuwa mdakaji kwa sababu klabu iliona gongo lake lingekuwa na thamani kubwa zaidi nyuma ya besi, na akaishia katika Ukumbi wa Watukufu. Lakini kijana anayepanga maisha yake akitegemea kuwa Piazza anapanga vibaya.

Sehemu inayofuata ya kazi haionekani na mtazamaji. Mechi ikianza saa moja usiku, mdakaji anafika uwanjani saa saba mchana. Katika ligi ndogo tunacheza na timu moja kuanzia Jumanne hadi Jumapili, michezo sita mfululizo, kisha Jumatatu ni ya mapumziko au ya basi. Maana yake ni kwamba mpigaji uliyemdanganya Jumanne atakuwa amekuelewa kufikia Alhamisi, nawe unapaswa kuwa umemwelewa yeye tangu Jumatano. Klabu itakupa kishikwambi chenye ramani za rangi zinazoonyesha kila mpigaji anapiga wapi na anakosa wapi. Soma, kisha andika yako mwenyewe katika daftari la karatasi, kwa sababu ramani haikwambii kwamba mpigaji wa tano ameanza kusimama karibu zaidi na besi tangu alipopigwa na mpira mbavuni, au kwamba mrushaji wako mwenyewe huanza kuangusha kiwiko akifika mpira wa 70. Mimi nilikuwa na ukurasa kwa kila mrushaji, na mstari wa kwanza wa kila ukurasa ulikuwa jibu la swali moja: mambo yakimharibikia, anataka mpira gani?

Siku hizi ishara zinapita kwenye kifaa kinachoitwa PitchCom, kilichoruhusiwa Ligi Kuu mwaka 2022: mdakaji anabonyeza, mrushaji anasikia sauti ndani ya kofia. Saa ya kuhesabu nayo ikaja mwaka 2023, na sasa mrushaji wa Ligi Kuu ana sekunde 15 besi zikiwa tupu na 18 zikiwa na mkimbiaji. Vitu hivi viwili vimekata kabisa nafasi ya kufikiri uwanjani. Zamani mdakaji aliweza kutembeza vidole taratibu huku akijiuliza. Leo ukijiuliza umechelewa, na ukichelewa, mrushaji anarusha mpira ambao hakuuamini, nao kwa kawaida ndio unaopigwa. Fikiri saa tisa alasiri, ili saa moja na nusu usiku uwe unakumbuka tu. Vidole navyo usivisahau, maana betri huisha.

Warushaji wengi utakaowapokea ni Wadominika na Wavenezuela, kwa hiyo jifunze Kihispania tangu wiki ya kwanza, tena kile cha chumba cha kubadilishia nguo. Sisi wa Kiswahili tuna heri ambayo wenzetu Wamarekani hawana: irabu zetu tano na zao zinakaribiana sana, na yapo maneno ambayo pwani yetu iliyapokea kwa Wareno na Kihispania kinayo pia. Nilipoomba kitu kilichokuwa juu ya meza nikasema tu "mesa", kijana yule yule wa slaida akacheka akaniuliza nimejifunzia wapi, nikamwambia kwa bibi yangu Mombasa. Ndiyo mara ya kwanza tulizungumza zaidi ya kazi. Mwezi uliofuata akaanza kuniambia bega lake likimuuma, jambo ambalo alikuwa akilificha kwa kila mtu kwa kuogopa kurudishwa kwao. Na hapo nikaingia katika mtihani ambao mgeni atakutana nao pia: nimwambie mkufunzi wa tiba, au nimtunzie siri? Nilimpa siku mbili aende mwenyewe, na nikamwambia wazi kwamba siku ya tatu nitakwenda mimi. Alikwenda.

Ukimfuata mrushaji kwenye tuta anakorushia wakati mambo yamemzidi, nenda na sentensi moja. Ligi Kuu imeweka kikomo cha ziara hizo, na tangu 2024 ni nne kwa mchezo, kwa hiyo usizitumie ovyo. Usimfundishe namna ya kurusha. Mkono wake hauwezi kujifunza kitu kipya katikati ya ngwe (kipindi cha mchezo) ya sita huku watu elfu nane wakipiga kelele. Mara nyingi niliuliza tutakula nini baada ya mchezo.

Mwamuzi amesimama nyuma yako, amekuinamia, na wewe ndiwe ngao yake. Mpira ukimgonga, nenda taratibu umpelekee mrushaji mpira mwingine, safisha besi ambayo haina vumbi, mpe dakika apate pumzi. Ukipinga uamuzi wake, pinga ukiwa unatazama mbele, kwa sauti ambayo mtu wa benchi hawezi kusikia, kwa maana ukigeuza kichwa umemwaibisha mbele ya uwanja mzima na mrushaji wako ndiye atakayelipa. Vijana huniuliza kama ustadi wa kuudaka mpira wa pembeni ukaonekana straiki umekufa sasa, kwa kuwa Ligi Kuu imeidhinisha mfumo wa kukata rufaa kwa kompyuta kuanzia msimu wa 2026, baada ya kuujaribu daraja la AAA, lile la juu kabisa katika ligi ndogo. Kwa maoni yangu haujafa. Kila timu inaanza na rufaa mbili tu, na mipira ya mchezo mmoja ni karibu 300, kwa hiyo sehemu kubwa bado iko machoni pa mwamuzi. Kilichobadilika ni kwamba rufaa inaweza kuombwa na mpigaji, mrushaji au mdakaji peke yao, papo hapo, bila msaada wa benchi, na mrushaji aliyekasirika haoni vizuri akiwa umbali wa mita 18. Atakuangalia wewe. Itakubidi uwe mtu wa kumwambia hapana, lile lilikuwa boli (mpira uliopita nje ya eneo la straiki), na akakubali.

Sasa mwili. Mchezo mmoja unakuchuchumaza mara 140 au zaidi, na magoti ndiyo yanayotajwa sana, lakini mimi nimewaona wengi wakimalizwa na kichwa. Joe Mauer wa Minnesota, aliyekuwa bingwa wa wastani wa kupiga mara tatu katika Ligi ya Marekani (American League, moja ya sehemu mbili za Ligi Kuu), alipata mtikisiko wa ubongo Agosti 2013 na hakurudi tena nyuma ya besi, isipokuwa kwa mpira mmoja wa kuaga katika mchezo wake wa mwisho. Akahamia besi ya kwanza hadi alipostaafu mwaka 2018. Buster Posey alivunjwa mguu Mei 2011 kwa kugongwa na mkimbiaji aliyekuwa anakuja nyumbani, na kuanzia 2014 kukawa na kanuni ya kuzuia migongano hiyo, kwa hiyo ninyi mnaokuja sasa mmelindwa kuliko sisi. Lakini hatari moja huzaa nyingine. Wadakaji wanasogea karibu na mpigaji ili waukamate mpira wa chini mapema, na Mei 2024 Willson Contreras alivunjika mkono wa kushoto kwa gongo la mpigaji. Ukiambiwa na kocha usogee mbele, muulize hatua ngapi, na mbele ya mpigaji yupi, kwa sababu wapo wanaozungusha gongo kwa nyuma sana.

Mwaka wangu wa nne mpira uliochongwa na gongo ulinigonga kwenye kinyago, nikaona mwanga mweupe, nikasema niko sawa. Nilicheza siku tisa nikiwa siko sawa. Siku ya tisa niliomba mpira wa kasi mara tatu mfululizo kwa mpigaji ambaye daftari langu mwenyewe lilisema asipewe hata mmoja, na kati ya ngwe mrushaji, mtu mzima wa miaka thelathini na miwili, akanifuata akaniuliza leo ni siku gani. Sikujua. Aliyeniripoti kwa daktari ni yeye. Wakati ule nilimkasirikia, na klabu nayo ilikuwa imenitazama siku zote tisa bila kuuliza. Leo namshukuru yeye, na klabu sijaisamehe. Usifiche kichwa. Goti likificha maumivu unaumia wewe. Kichwa kikificha, wanarushiwa mipira ya kijinga watu wengine.

Kuhusu fedha, ujue ukweli kabla ya kuaga nyumbani. Kwa makubaliano yaliyoanza 2023, mshahara wa chini kwa mwaka ulianzia dola 26,200 katika daraja la A la chini na 35,800 katika AAA, na klabu hugharimia makazi ya wachezaji walio wengi. Ligi Kuu ilianzia dola 760,000 kwa mwaka 2025. Pengo hilo ndilo linalowafanya watu wavumilie. Klabu ya Ligi Kuu kwa kawaida ina wadakaji wawili, na wa tatu anasubiri AAA, na ukweli usiosemwa ni kwamba anasubiri mwenzake aumie. Utajikuta unatazama mechi ya wakubwa kwenye simu, mdakaji amepigwa mkononi, na moyo wako unaruka kwa furaha kabla hujaukemea. Sisi sote imetupata. Erik Kratz aliteuliwa mwaka 2002 katika raundi ya 29, akafika Ligi Kuu 2010 akiwa na miaka 30, na alikuwa bado anadaka huko mwaka 2020 akiwa na miaka 40. Hakuwa na gongo la kutisha. Kila klabu iliyomchukua ilikuwa na warushaji wanaohitaji mtu.

Kwangu siku ya kuachwa ilikuwa Jumapili ya mwisho wa Machi. Meneja alinivutia kiti, akaniambia klabu haina nafasi yangu tena. Nilikuwa nimeshasimama kuondoka ndipo aliponiuliza kama ningekubali kubaki kudaka mazoezini, kwa kuwa warushaji watatu walikuwa wamekwenda kwake jana yake kuniombea. Wengi wa wenzangu hufikia hapo, kisha kwenye ukocha. Bruce Bochy, aliyeshinda ubingwa mara nne akiwa meneja, na Joe Torre na Mike Scioscia wote walianza kwa kuchuchumaa. Lakini nafasi hizo ni chache, na klabu haina deni nawe. Kwa hiyo kabla ya kusaini mkataba wa kwanza, uliza kama ndani yake kutawekwa fungu la masomo ya chuo, kiasi kikiwa kimeandikwa kwa tarakimu, na uulize lina muda gani wa mwisho wa kuanza kutumika baada ya kuachwa. Wakala wangu hakunikumbusha. Mama yangu ndiye aliyekataa nisisaini bila hilo. Nilipewa mihula minne. Miwili nimeshaimaliza, wa tatu unaanza Januari, na darasa limepangwa saa tatu asubuhi, muda ambao warushaji wanakuwa bado wamelala.